Kalibu ya Mkono wa Wifi

Ugomvi wa nyumba ile ulianzia kwenye tundu la sindano. Ilikuwa asubuhi, jua limeshaingia sebuleni mpaka kwenye kanyagio la cherehani, na Fundi amekaa kwenye kigoda chake, sindano mkono wa kushoto, uzi mweusi mkono wa kulia, ulimi umemtoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Akalamba ncha ya uzi, akalenga, akakosa. Akalamba tena. Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungoni, kila kiungo kama kunde iliyolala majini, na kidole gumba kilikuwa hakikubali kukutana na mwenzake bila kumchoma hadi kwenye kiwiko.

"Lete nikutungie, wifi."

Wifi yake, yaani dada wa mume wake, alikuwa ametoka bafuni na kikombe chake cha chai. Kabla Fundi hajajibu, kikombe kimeshawekwa mezani, sindano imeshachukuliwa, uzi umeshapita. Mara moja tu. Wifi akacheka kile kicheko chake cha kumwaga, akairudisha sindano kama mtu anayerudisha chenji.

"Umeona? Mionzi hiyo!"

"Nani kakuomba?"

"Hukuniomba, wifi. Nimejiomba mwenyewe."

Kutoka uani, randa ya Seremala ikanyamaza. Mwenye nyumba yule alikuwa na sikio la kusikia mema ya dada yake hata kukiwa na mvua juu ya mabati. "Ametunga? Mara moja? Loo! Mdogo wangu anarudi ujana, mke wangu. Mwangalie yeye, ujifunze."

Fundi alingoja mpaka wifi yake aingie jikoni, kisha akauvuta uzi ule taratibu, akautoa sindanoni, akaanza upya mwenyewe. Ilimchukua muda mpaka chai iliyoachwa mezani ikafanya utando juu.

*

Wiki tano zilikuwa zimepita tangu wote wawili waandikwe kwenye utafiti wa pale hospitali kubwa. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja, baridi yabisi ya mikono, na riziki yao wote ilitoka vidoleni: mmoja akishona nguo, mwingine akisuka nywele. Nesi wa utafiti, mama mmoja mnene aliyekuwa akichomeka kalamu kwenye nywele halafu anaitafuta mezani, ndiyo maana wagonjwa wakamwita Nesi Kalamu, aliwakalisha kwenye benchi akawaeleza kwa upole.

"Ndani ya damu mna askari, seli nyeupe. Kijidudu kikiingia, wanakimbilia pale, wanapigana, mahali panavimba na kupata moto. Hiyo ni kazi njema. Ila kwa watu kama ninyi, askari wanakwenda kwenye viungo ambako hakuna mwizi. Na wakifika, hawaondoki."

"Kumbe askari wangu wanawapiga wenye nyumba," Fundi akasema.

"Wanawapiga wenye nyumba, mama, na mlango wanauvunja."

Benchi zima likacheka. Nesi akaendelea. Walitaka kujua kama mionzi kidogo sana, kidogo kuliko ile ya kutibia saratani, inaweza kuwatuliza askari hao. Watu wangegawanywa mafungu mawili. Fungu moja lingepata mionzi. Fungu la pili lingewekwa mkono chini ya mashine ileile, taa ileile, mlio uleule, lakini mionzi isingetoka. Kura inapigwa na kompyuta. Nesi hajui nani yuko wapi, daktari hajui. Anayejua ni mmoja tu, mtaalamu wa kupima mionzi, msichana mwembamba mwenye funguo shingoni ambaye kila asubuhi huipima mashine kabla mashine haijawapima watu. Wao walimwita Binti Vipimo.

"Na mkizidiwa na maumivu," Nesi akasema, "mnaweza kumeza dawa, ila mje mniambie niandike. Ukimeza kimya kimya, unatudanganya sisi na unajidanganya mwenyewe."

Walitolewa damu ya mwanzo ya kupimwa, kisha kila mmoja akatengenezewa kalibu ya mkono wake wa kulia. Walichukua kipande cha plastiki, wakakilaza kwenye maji ya moto mpaka kikawa laini kama unga uliokandwa, wakakifunika juu ya mkono, kikaganda. Kikitolewa, ndani yake unaona kiganja, vidole, hata kovu la mkasi. Kazi yake ni kuushika mkono usitikisike, ili mionzi ipige palepale kila safari. Kalibu ya Fundi ikaandikwa thelathini. Ya wifi, thelathini na moja. Wakapewa na kadi za namba hizo.

Fundi, ambaye hakuweza kuona karatasi ikikunjika bila kuishonea nguo, alishona vifuko viwili vya kadi kwa vipande vilivyobaki: cha buluu chake, cha njano cha wifi, kila kimoja na kifuniko na kifungo. Wagonjwa wengine wakavitamani. Wifi alikionyesha cha kwake kwa kila mtu. "Cha njano mimi! Wifi yangu kanishonea!" Tangu siku ile hakuitazama kadi tena. Kwake yeye, njano ndiyo iliyokuwa namba.

Siku ileile waliporudi, Fundi alikuwa bombani na jirani, sauti hakuishusha. "Nyumba yangu ina mikono miwili mibovu, inatosha. Hii mingine miwili isipopona, mmoja wetu itabidi arudi alikotoka." Ulikuwa utani. Wifi alikuwa nyuma yao na ndoo. Alicheka kuliko wote.

*

Basi mikono ya wifi ikaanza kufunguka. Wiki ya pili alifungua kopo la mafuta peke yake. Wiki ya tatu alimsuka binti wa jirani kichwa kizima. Wiki ya nne akawa anakamua nguo kwa kuzinyonga, maji yanamwagika, na Seremala amesimama pembeni kama anaangalia mpira. Ya Fundi ilikuwa palepale. Labda asubuhi ilikuwa nyepesi kidogo, labda, lakini nani ana macho ya kuona unafuu wake akiwa anaangalia wa mwenzake?

Hapo ndipo hesabu ikamjia. Nusu wanapata, nusu hawapati. Katika nyumba moja wako wawili. Mmoja anapona. Basi jibu linahitaji shule gani?

"Wewe labda unaukaza mkono," Seremala alimwambia mchana mmoja, mdomo umejaa misumari. "Mdogo wangu anasema yeye anaulegeza."

"Mionzi haiulizi kama umekaza, mume wangu. Ipo au haipo."

"Nasema tu, ujaribu."

"Nijaribu nini? Huu ni mtihani?"

"Usinikasirikie mimi. Kasirikia mkono."

Neno lililomchoma zaidi aliletewa na Mwalimu, mteja wake wa miaka kumi na mbili. Mwalimu alileta gauni la harusi ya mwanawe, lenye vifungo ishirini na viwili mgongoni, vidogo vya kufunikwa kwa kitambaa. Aliliweka mezani, akalipapasa, akakohoa.

"Wewe shona mwili, Fundi. Hivi vifungo, nilikuwa nasema... ashone wifi yako. Nasikia mikono yake imefunguka."

"Wifi yangu ni msusi, Mwalimu."

"Najua. Lakini kifungo ni kifungo."

Wifi akatokeza kichwa kutoka jikoni. "Mimi tena? Nitajaribu, Mwalimu! Wifi akinielekeza."

Fundi alimwelekeza. Alikaa mkabala akimtazama mwenzake anavyoingiza sindano na kuitoa, na kila ikitoka alihisi imetoka ndani yake. Kushona kwenyewe kulikuwa kwa hovyo, kifungo cha tatu kimekwenda upande. Alikiacha kiende upande. Mwalimu aliposifu na kuondoka, Fundi alijiona mdogo kama kile kifungo, na hasira yake ikaelekea kwa yule aliyesifiwa, siyo kwa aliyesifu. Mionzi ile ingekuwa yangu, alijiambia, ningeishona harusi nzima.

*

Wiki ya sita, mama aliyekuwa akiendesha mashine, aliyewajua wagonjwa kwa sura, alikwenda likizo. Akaja mwingine, mwanamke kijana, wakamwita Mgeni. Mgeni hakujua sura ya mtu. Alisema "anayefuata," akapokea kadi, akasoma namba, akaenda rafuni kuchukua kalibu yenye namba hiyo, akaiweka. Fundi aliliona jambo hilo siku ya kwanza kama mshonaji anavyoona mshono uliofumuka.

Mashine ilikuwa mara moja kwa wiki, na kati ya siku kumi zilikuwa zimebaki tano.

Asubuhi ya siku iliyofuata ya mashine, wifi akiwa bafuni na kikombe chake (alikuwa na mazoea hayo, na Fundi alipomuuliza chai ya bafuni ni ya nini alijibiwa, "Nasukutua, wifi"), Fundi alivichukua vifuko viwili kutoka juu ya kabati. Vifungo alivishona mwenyewe, na alivishona vikaza. Kidole gumba kilimlilia. Alifungua cha buluu kwa meno. Akatoa thelathini, akaitia kwenye njano. Akatoa thelathini na moja, akaitia kwenye buluu. Akavifunga, akavirudisha vilivyokuwa, hata vumbi la kabati akalipangusa. Na, Mungu amsamehe, hata furaha ilikuwemo.

Hospitalini, Mgeni aliichukua kadi, akaileta kalibu. Mkono wa wifi ni mrefu na mwembamba. Wa Fundi ni mfupi, mpana kama pasi. Ukingo wa plastiki ukamkaa pande mbili za kiganja, chini kabisa, ukamuuma.

"Inakubana, mama?"

"Haibani."

"Naona kama inabana."

"Nimesema haibani, mwanangu. Huu ni uvimbe wa asubuhi tu."

Mgeni akatoka, mlango mzito ukafungwa, mashine ikaanza kulia. Mlio ulikuwa uleule. Lakini Fundi alifumba macho na kuisikia kabisa mionzi ikiingia, vuguvugu, ikishuka kidole hadi kidole, ikiwaambia wale askari warudi makwao. Angeweza kuapa.

Wifi alipotoka zamu yake alikuwa akicheka njia nzima. "Leo kalibu yangu imekuwa kama kiatu cha kaka! Mkono unacheza ndani! Nimepona, wifi, nimekonda mpaka vidole!"

"Hongera," Fundi akasema. Aliuficha mkono wake ndani ya mkoba.

Ikawa hivyo siku zote tano, na ya mwisho wakatolewa damu, kila mmoja na kadi ya kifukoni mwake dirishani. Mkono wa Fundi uliota alama mbili nyekundu, kisha zikawa malengelenge, kisha magamba. Akazifunika kwa mikono mirefu ya blauzi. Lakini vidole, jamani, vidole vilianza kumtii! Alitunga sindano mara ya pili tu ya kujaribu. Alimenya viazi akiimba. Seremala akasema, "Haya sasa, kumbe unaweza," na ingawa neno lilikuwa la kipuuzi, lilimkaa tumboni kama chakula cha moto.

Wifi je? Wifi alianza kuosha vyombo kwa viganja. Chanuo lilimponyoka, akaliokota kwa mikono miwili. Aliacha kwenda bafuni na chai, alikuwa akilishika tumbo, na kicheko chake kikawa kinaanza bila kumalizika.

"Mdogo wangu ana nini?" Seremala akauliza.

"Dunia ni zamu," Fundi akajibu. "Yake ilikuwa jana." Na alipomtazama wifi anahangaika na kifuniko cha chupa, hakunyanyuka kumsaidia. Alihesabu tu, moja, mbili, tatu, mpaka kikafunguka.

*

Nesi Kalamu alipopiga simu hakutania. Alisema waje wote wawili, kesho, na kama kuna mwanamume wa nyumba, aje.

Chumba kilikuwa kidogo, meza kubwa. Daktari alikaa nyuma yake. Nesi pembeni, kalamu mkononi safari hii. Binti Vipimo alikuwa amesimama na kalibu mbili kifuani. Na ukutani, mkoba ukiwa begani tayari kama wa msafiri, alisimama Mgeni, macho yamevimba.

"Damu yenu imetushangaza," Nesi akaanza. "Tulitaka kuona askari wamepungua au wameongezeka. Sasa, ya thelathini na moja, mwanzo ilikuwa kundi O. Ya mwisho imekuja kundi B. Na ya thelathini, mwanzo B, mwisho O. Damu ya mtu haibadilishi kundi kama mtu anavyobadilisha shati."

"Kwa hiyo mmoja wetu ni jini?" wifi akasema. Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo kuna mtu amechanganya," Daktari akasema, na akamtazama Mgeni. "Kalibu, kadi, damu, vyote. Nimeshamwambia leo ni siku yake ya mwisho."

"Nilisoma kadi, daktari," Mgeni akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Ilionekana ameshaisema mara nyingi. "Kila siku nilisoma kadi."

Seremala alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Basi makosa ni yenu," akasema, akapata nguvu. "Mnachezea mikono ya watu!"

Fundi alitazama sakafu. Sakafu ilikuwa ya vigae, kimoja kina ufa. Akaufuata ule ufa kwa macho mpaka ukafika kwenye viatu vya Mgeni, viatu vya bei rahisi, kimoja kimeshonwa ubavuni kwa mkono, mshono mzuri, wa subira.

"Naomba mikono," Binti Vipimo akasema.

Akaiweka kalibu thelathini mezani. Mkono wa Fundi ukaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Akaiweka thelathini na moja mbele ya wifi. Ukaingia. Kisha yule msichana akamshika Fundi kiwiko, taratibu, kama anayemshika kuku wa watu, akamkunja mkono wa blauzi. Makovu mawili yalikuwa pale, mekundu, moja kila upande. Akachukua kalibu ya wifi akaisogeza. Ukingo ukakaa juu ya makovu sawasawa, kama kifungo na tundu lake.

"Mama. Siku tano umevumilia hivi?"

"Alikulazimisha?" Daktari akauliza haraka. "Huyu dada alikulazimishia mkono kwenye kalibu isiyo yako?"

Neno "ndiyo" lilikuwa pale mezani, jepesi, la kuokotwa tu. Mgeni hakumtazama. Alikuwa akichezea mshipi wa mkoba wake.

"Aliniuliza mara tano kama inabana," Fundi akasema. "Mara tano nikamwambia haibani. Kadi nilibadilisha mimi. Nyumbani. Vifuko nilishona mwenyewe, nani angevishuku?"

"Mke wangu!" Seremala akasema, na kofia ikamwanguka.

Wifi alikuwa akikitazama kifuko cha njano kilichokuwa mapajani mwake kama mtu aliyemwona nyoka kwenye kitanda chake.

"Sasa lazima nijue nani amepata mionzi kiasi gani," Binti Vipimo akasema. "Siyo hiari tena, ni usalama." Akatoa funguo shingoni, akatoka, akarudi na bahasha mbili zilizofungwa kwa gundi. Akazifungua kwa mgongo wa rula. Alisoma, akasoma tena, na sura yake ikawa ya mtu anayetafuta maneno laini asiyaone.

"Thelathini ndiyo iliyokuwa na mionzi."

"Thelathini ya nani?" Seremala akauliza.

"Ya kwangu," Fundi akasema polepole. "Thelathini ni mimi. Na thelathini na moja?"

"Mlio tu, mama."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Dozi niliyoipanga kwa mkono mmoja mmeigawana kama mkate. Wewe nusu ya kwanza, yeye nusu ya pili."

Fundi alivitazama vidole vyake vilivyotunga sindano mara ya pili ya kujaribu. Mlio. Aliimba akimenya viazi kwa ajili ya mlio. Kisha, kwa kuwa wivu ukishajenga hauhami siku moja, akamgeukia mwenzake. "Basi wewe ulipona na nini?"

Wifi alianza kucheka. Kicheko kikafika katikati kikavunjika. Akaukunjua mkono. "Sikupona. Vidonge. Viwili kila asubuhi, bafuni, na chai. Vya dukani. Mpaka tumbo likawaka nikaviacha."

"Bila kuniambia?" Nesi akasema.

"Ningekwambia wewe, ungeandika. Ukiandika, ingejulikana." Akamtazama Fundi usoni, na macho yale hayakuwa na mchezo. "Ulisema mikono miwili mibovu inatosha, wifi. Pale bombani. Kwamba mmoja atarudi alikotoka. Mimi nilikotoka kuna mke mwingine kitandani. Ningerudi wapi? Nikaona afadhali yangu ipone."

"Ulikuwa utani."

"Ndiyo. Na mimi nikacheka."

Waliondolewa wote kwenye utafiti. Daktari alilisema hilo kwa maneno mengi, lakini maana yake ilikuwa moja: damu yao haikufaa kwa hesabu yoyote tena. Fundi akauliza kama basi angeweza kumaliziwa ile nusu yake iliyobaki. Binti Vipimo akatikisa kichwa. "Kilichokwishaingia mkononi hakitoki, na siwezi kukuongezea kwa kukisia. Utafiti ukiisha, ikionekana inasaidia, nitakuita." Lini? Mwaka na nusu, labda miwili. Mgeni aliushusha mkoba wake, akauweka sakafuni, kisha akaondoka kwenda kumwita anayefuata. Nesi Kalamu aliwapa kalibu zao mlangoni, zimefungwa kwa gazeti. "Chukueni. Hazitamfaa mwingine."

Njiani Seremala alitangulia hatua ishirini mbele. Wale wanawake wawili walifuata, kila mmoja amebeba mkono wake kwapani.

*

Kwa wiki nzima nyumba ile ilizungumza kwa vyombo. Kisha maisha, kama kawaida yake, yakadai chumvi na kiberiti, na watu wakalazimika kuulizana viko wapi. Mwalimu akalirudisha gauni: kifungo cha tatu kimeng'oka. Fundi akakishona kwa kutwa nzima, akakataa sifa. Kalibu yake aliigeuza sahani ya pini na vibonge vya uzi, ikakaa juu ya cherehani, kiganja kikitazama dari. Ya wifi ilitundikwa msumarini na hakuna aliyeigusa.

Mwezi wa tatu ukaingia tangu siku ile ya hospitali. Jua lilikuwa limefika tena kwenye kanyagio. Fundi alikuwa na sindano na uzi, ulimi nje, amekosa mara tisa. Wifi alikuwa sakafuni akichambua mchele, polepole, lakini Fundi alikuwa akimwangalia tangu juzi, na jicho la mshonaji halipitwi na nusu inchi.

Akainuka, akaitungua kalibu thelathini na moja, akaipangusa kwa pindo la nguo, akaiweka mchele ulipo.

"Tia mkono."

"Wa nini, wifi?"

"Tia tu."

Wifi akaupukuta mkono, akautia. Uliingia bila kusukumwa. Akaugeuza ndani, huku na huku, na pembeni ya kidole cha kati palionekana nafasi ya kupita uzi, hata nyuzi mbili.

"Imelegea?"

Wifi aliinua macho. Alimtazama mwenzake, na ilionekana wazi kuwa neno "hapana" lilikuwa karibu na ulimi wake.

"Imelegea, wifi," akasema. "Kidogo. Na sijameza kitu."

Wivu ukambana Fundi palepale, pande mbili za kiganja, kwenye yale makovu. Alisimama nao, hakujidai haupo.

"Mionzi yangu hiyo," akasema.

"Yako, wifi."

"Basi isikae bure." Akamnyoshea sindano na uzi. "Nitungie."

Wifi akalamba uzi, akalenga, akakosa. Akakosa tena. Mara ya tatu ukapita. Fundi akaipokea sindano, akakaa kigodani, akapiga fundo mwishoni, akaanza kushona.